Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bakteria wa Familia ya Enterobacteriaceae

Enterobacteriaceae ni bakteria wa namna gani?

Ni familia kubwa ya bakteria wenye umbo la kijiti, ambao wengi wao makazi yao ni utumbo wa binadamu na wa wanyama, ingawa wapo pia wanaoishi katika udongo, maji na mimea. Urefu wao ni mikromita mbili au tatu hivi, kwa hiyo hawaonekani ila kwa hadubini. Wakipakwa rangi kwa njia iliyobuniwa na Hans Christian Gram mwaka 1884, huonekana vijiti vyekundu au vya waridi, nao huitwa Gramu hasi. Hawatengenezi mbegu za kujihifadhi, huvunja sukari ya glukosi, hubadili nitrati kuwa nitriti, na wanaweza kuishi penye oksijeni na pasipo na oksijeni. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayowawezesha kustawi katika utumbo mpana, ambako hewa ni adimu, na papo hapo kuendelea kuishi wakishatoka nje ya mwili.

Majina yanayosikika zaidi katika familia hii ni Escherichia coli, ambayo wengi huiita E. coli, kisha Salmonella, Shigella, Klebsiella, Enterobacter na Citrobacter.

Mbona vitabu vingine vinataja pia Yersinia, Proteus na Serratia?

Kwa sababu kwa miaka mingi hao nao walihesabiwa humo. Familia hii ilipendekezwa na Otto Rahn katika miaka ya 1930, wakati bakteria walipangwa kwa kutazama umbo lao na sukari wanazozivunja. Mwaka 2016, baada ya jeni za bakteria hao kulinganishwa kwa upana, ilionekana kwamba undugu wao si wa karibu kama ulivyodhaniwa. Iliundwa oda moja yenye jina la Enterobacterales, na ndani yake zikawekwa familia kadhaa: Yersinia, ambamo yumo bakteria wa tauni, na Serratia waliwekwa katika Yersiniaceae, ilhali Proteus alikwenda katika Morganellaceae. Daktari anayeandika dawa haathiriki sana na mabadiliko hayo, lakini msomaji anayekuta orodha mbili zisizolingana asidhani kwamba moja imekosewa; huenda kilichotofautiana ni mwaka wa kuchapishwa tu.

Ikiwa wanaishi tumboni mwa kila mtu, kwa nini wanahesabiwa miongoni mwa bakteria wa maradhi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni mahali. E. coli aliyetulia katika utumbo mpana hana tatizo. Huingia kwa mtoto muda mfupi baada ya kuzaliwa na kukaa naye maisha yote. Bakteria huyohuyo akipanda katika njia ya mkojo huleta maambukizi ya kibofu, na akifika kwenye figo huleta homa kali na maumivu ya ubavuni. Utumbo ukitoboka, akamwagika katika uwazi wa tumbo, hushiriki katika kuleta maambukizi yanayoweza kuua. Kuta za bakteria hawa zina molekuli za mafuta na sukari ambazo kwa jumla huitwa endotoksini, na zikitapakaa katika damu huuchochea mfumo wa kinga kupita kiasi, hata shinikizo la damu likashuka na viungo vikaanza kushindwa kazi.

Sehemu ya pili ni jeni. Bakteria wawili wanaweza kubeba jina moja, wakafanana chini ya hadubini, na bado mmoja akawa mkazi asiye na madhara na mwingine muuaji, kwa kuwa huyo wa pili amepata jeni za ziada za kutengeneza sumu, za kunata kwenye kuta za utumbo au za kujipenyeza ndani ya seli. Jeni hizo mara nyingi husafiri kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kwa sababu hiyo, jina la bakteria lililoandikwa kwenye cheti cha maabara ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni sampuli ilitoka wapi na bakteria huyo amebeba nini.

Nimepewa majibu yanayosema E. coli ameonekana. Je, nina ugonjwa?

Inategemea ameonekana wapi. Akionekana katika kinyesi, hiyo peke yake si habari. Angekosekana ndipo mtu wa maabara angeshangaa. Akionekana katika damu au katika maji ya uti wa mgongo, hiyo ni dharura, kwa sababu sehemu hizo hazitakiwi kuwa na bakteria yeyote, na kwa mtoto mchanga ni dharura kubwa zaidi.

Mkojo uko katikati. E. coli ndiye kisababishi kikuu cha maambukizi ya njia ya mkojo, na katika maambukizi ya kawaida ya wanawake wasio na tatizo jingine huhusika katika takriban visa vitatu kati ya kila vinne. Hata hivyo mkojo huchafuliwa kwa urahisi wakati wa kukojoa, na ndiyo maana maabara huhesabu: kipimo kilichozoeleka ni bakteria 100,000 au zaidi kwa kila mililita, wa aina moja, kutoka kwenye mkojo wa katikati uliokingwa vizuri. Wapo pia watu, hasa wazee na wanaotumia mrija wa mkojo, ambao mkojo wao una bakteria wengi bila maumivu wala homa. Kwa kawaida hao hawahitaji dawa. Wajawazito ni tofauti, kwa sababu kwao maambukizi yaliyojificha yanaweza kupanda hadi kwenye figo, hivyo hutibiwa hata kama hawajisikii vibaya.

Ni aina gani za E. coli zinazoharisha?

Zipo kadhaa. Kuna zinazotoa sumu ya kuufanya utumbo umwage maji, nazo ni kisababishi kikubwa cha kuhara kwa watoto wadogo na kwa wasafiri. Kuna zinazonata na kuharibu vinyweleo vya utumbo mwembamba. Kuna zinazojipenyeza katika seli za utumbo mpana na kuleta dalili zinazofanana na za Shigella, yaani kuhara damu.

Inayoogopwa zaidi ni ile inayotengeneza sumu ya Shiga. Aina ya O157:H7 ilitambuliwa kuwa chanzo cha maradhi mwaka 1982 nchini Marekani, baada ya watu kula nyama ya kusaga isiyoiva vizuri. Mgonjwa huanza na maumivu makali ya tumbo, kisha kuhara damu, mara nyingi bila homa kubwa. Kiasi cha wiki moja baadaye, baadhi yao, hasa watoto, hupata tatizo ambalo chembe nyekundu za damu huvunjika na figo huacha kufanya kazi. Mwaka 2011 aina nyingine, O104:H4, ilizuka Ujerumani kupitia machipukizi ya mbegu za uwatu yaliyoliwa mabichi. Watu zaidi ya 50 walifariki. Mtu husikia nyama ikitajwa akadhani mboga ni salama, kumbe maji au mbolea yenye kinyesi cha ng'ombe huweza kuufikisha ugonjwa kwenye jani kama unavyofika kwenye nyama.

Herufi hizo, O na H, ni alama za sehemu za bakteria zinazotambuliwa na kinga ya mwili: O ni ya ukuta wake, H ni ya mikia anayoogelea nayo.

Je, homa ya matumbo na "Salmonella ya chakula" ni kitu kimoja?

La. Aina za Salmonella zinazotofautishwa kwa alama hizo za O na H zimezidi 2,500, lakini kwa upande wa tiba zinagawanyika katika makundi mawili yasiyofanana.

Kundi la kwanza ni Salmonella Typhi na ndugu zake wa Paratyphi. Typhi hana makazi mengine ila binadamu. Hapatikani kwa kuku wala kwa ng'ombe, kwa hiyo kila mgonjwa ameupata ugonjwa kutoka kwa mtu mwingine, kwa kawaida kupitia maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Bakteria huyo huvuka ukuta wa utumbo, hujificha ndani ya seli za kinga zilizopaswa kumwua, kisha husambaa katika ini, wengu na uboho. Ndipo homa huanza kupanda siku hadi siku, pamoja na kichwa kuuma, uchovu na tumbo kuvurugika. Wengine hufunga choo badala ya kuhara, jambo linalowapoteza wengi. Kuanzia wiki ya tatu hivi, utumbo mwembamba unaweza kutoboka au kuvuja damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 9 waliugua na wapatao 110,000 walifariki.

Kundi la pili ni Salmonella wa wanyama, wanaopatikana kwenye mayai, kuku, nyama na maziwa yasiyochemshwa. Hao huleta kutapika, kuhara na homa ndani ya saa 6 hadi 72, na wengi hupona wenyewe ndani ya wiki moja. Lakini kwa watoto wachanga, wenye utapiamlo, wenye malaria kali, wenye selimundu au wenye kinga iliyodhoofishwa na VVU, bakteria hao huingia katika damu. Hapo tena si suala la tumbo kuvurugika: mgonjwa anaweza kuwa na homa kali bila kuhara kabisa.

Kipimo cha Widal kimesema nina homa ya matumbo. Kiaminiwe?

Kwa tahadhari kubwa. Kipimo hicho, kilichoanza kutumika mwaka 1896 kwa jina la Fernand Widal, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza. Kingamwili hizo zinaweza kuwa zimebaki kutokana na maambukizi ya zamani, chanjo, au Salmonella wa aina nyingine, na kwa upande wa pili mgonjwa wa kweli anaweza kupimwa mapema kabla hazijatosha. Mahali ambapo ugonjwa huu umezoeleka, watu wengi wenye afya wana kiasi fulani cha kingamwili hizo. Kwa maoni yangu, kipimo kimoja cha Widal kilichofanywa siku moja na kurudiwa kila mgonjwa anapojisikia mchovu kimewamezesha watu dawa nyingi kuliko ilivyostahili.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka penye chakula cha bakteria ili waliomo wakue waonekane, kabla dawa haijaanza. Nayo ina upungufu wake: hukamata nusu ya wagonjwa au zaidi kidogo, kwa sababu bakteria katika damu huwa wachache, na huchukua siku kadhaa. Kuotesha uboho hukamata wengi zaidi, ila si kipimo cha kumfanyia kila mtu.

Mtu anaweza kuambukiza wengine bila yeye kuumwa?

Ndiyo. Kati ya wagonjwa 100 waliopona homa ya matumbo, mmoja hadi watano hubaki na bakteria kwa muda mrefu, mara nyingi katika kifuko cha nyongo, hasa kama kina mawe. Mfano unaotajwa duniani kote ni wa Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907 baada ya watu wa nyumba kadhaa alizopikia kuugua. Yeye mwenyewe alikuwa mzima, akakataa katakata kuamini. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena, akapatikana mwaka 1915 akipika kwa jina jingine katika hospitali ya wazazi, na akawekwa peke yake hadi alipofariki mwaka 1938. Antibiotiki za kumtibu hazikuwapo. Leo mbebaji wa namna hiyo hutibiwa kwa dawa za wiki kadhaa, na baadhi huondolewa kifuko cha nyongo.

Kwa nini Shigella huenea haraka hivyo?

Kwa sababu bakteria 10 hadi 100 wanatosha kumwangusha mtu mzima, ilhali Salmonella wa chakula kwa kawaida huhitaji maelfu kwa maelfu. Shigella huvumilia asidi ya tumbo, kwa hiyo mkono ambao haukunawiwa sawasawa unatosha, bila hata chakula kuharibika. Alielezwa na Kiyoshi Shiga mwaka 1897 wakati wa mlipuko mkubwa wa kuhara damu nchini Japani. Zipo aina nne, na Shigella dysenteriae wa kundi la kwanza ndiye mwenye sumu kali, ileile iliyokwisha kutajwa kwa E. coli wa O157. Kusema kweli, jeni zinaonyesha kwamba Shigella ni E. coli aliyebadilika, jina lake limebakizwa kwa kuwa madaktari wameshalizoea na ugonjwa wake unajulikana.

Klebsiella anatoka wapi, na kwa nini husikika hospitalini?

Huishi katika utumbo, kooni na katika mazingira yenye unyevu. Amevikwa koti nene la sukari linalomkinga dhidi ya seli za kinga. Nje ya hospitali huleta nimonia na maambukizi ya mkojo, na zipo aina kali zinazosababisha majipu ya ini hata kwa watu waliokuwa na afya. Ndani ya hospitali hupita kupitia mikono, mirija ya mkojo, mashine za kupumulia na maji ya dripu yaliyochafuka. Katika wodi za watoto wachanga ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maambukizi ya damu.

Maabara huwatofautishaje ikiwa wanafanana?

Huwaotesha. Sampuli husambazwa kwenye sahani ya agari (ute mgumu wa kuoteshea bakteria) ya MacConkey, yenye chumvi za nyongo za kuwazuia bakteria wasiohusika, sukari ya laktosi na rangi inayobadilika palipo na asidi. Sahani hukaa usiku kucha katika nyuzi joto 35 hadi 37. Asubuhi, E. coli huwa vidoto vikavu vya waridi iliyokolea, kwa kuwa amevunja laktosi. Salmonella na Shigella hubaki bila rangi. Klebsiella naye huwa wa waridi, ila amevimba na kulowa kama ute, na ukimgusa kwa kitanzi cha waya kisha ukakiinua, huvutika kama uzi wa asali. Proteus, ambaye sasa amehamishwa familia lakini hukutwa kwenye sampuli zilezile, hutambaa juu ya agari ya damu kwa mawimbi na kufunika kila kitu. Baada ya hapo hufuata vipimo vya kikemikali, au mashine inayopima uzito wa protini na kutoa jina kwa dakika chache.

Usugu wa dawa katika familia hii umefikia wapi?

Pabaya. Bakteria hawa hubeba vipande vya jeni vya mviringo viitwavyo plasmidi, na hupeana. Uwezo wa bakteria kupeana jeni kwa kugusana ulithibitishwa mwaka 1946 na Joshua Lederberg na Edward Tatum, tena kwa kutumia E. coli. Plasmidi moja inaweza kubeba usugu wa dawa nne au tano kwa mpigo, hivyo anayetumia dawa moja hovyo huwapalilia wenye usugu wa nyingine ambazo hajawahi kuzigusa.

Hatua zake zinafuatana kama ngazi. Penisilini na ampisilini zilishindwa kwa vimeng'enya vya beta-laktamasi, ambavyo huzivunja. Zikaja antibiotiki za kundi la sefalosporini mpya; mwaka 1983 ikaripotiwa Ujerumani beta-laktamasi iliyoweza kuzivunja hizo pia, na leo uwezo huo umeenea duniani kote. Ikabaki kabapenemu, antibiotiki ya kundi jingine. Vikajitokeza vimeng'enya vya kuivunja hiyo, kikiwamo kile cha NDM kilichotambuliwa mwaka 2008. Madaktari wakarudi kwenye kolistini, dawa ya zamani yenye kudhuru figo, na mwaka 2015 ikaripotiwa China kwamba usugu wake nao unasafiri kwa plasmidi. Katika homa ya matumbo, mlipuko ulioanza mwaka 2016 katika jimbo la Sindh, Pakistani, ulibakisha azithromaisini peke yake kama dawa ya kumeza inayotegemewa. Shirika la Afya Duniani limewaweka bakteria wa Enterobacterales wenye usugu wa kabapenemu katika daraja la juu kabisa la orodha yake ya bakteria wanaohitaji dawa mpya.

Kila anayeharisha apewe antibiotiki?

Hapana. Wengi wanahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, na watoto waongezewe zinki. Antibiotiki zina nafasi yake katika homa ya matumbo, katika kuhara damu kwa Shigella kulikokithiri, na kwa mgonjwa ambaye bakteria wameingia katika damu. Kwa E. coli mwenye sumu ya Shiga huepukwa, kwa kuwa baadhi yake zinaweza kuongeza sumu inayotolewa, na dawa za kufunga kuhara nazo hazitakiwi. Mtoto mwenye kuhara damu, anayeshindwa kunywa, mwenye macho yaliyodidimia au asiyekojoa kwa saa nyingi apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Zipo chanjo?

Ya homa ya matumbo ipo. Chanjo mpya iliyounganishwa na protini hutolewa kwa dozi moja kuanzia umri wa miezi 6, tofauti na zile za zamani ambazo hazikuwafaa watoto wadogo. Haikingi dhidi ya Paratyphi wala Salmonella wa wanyama. Kwa Shigella, Klebsiella na E. coli wa kuharisha, utafiti unaendelea, na kinga inabaki kuwa maji safi, vyoo, chakula kilichoiva na kunawa mikono kwa sabuni.

Cheti changu kina jina la bakteria, kisha orodha ya dawa zenye herufi S, I na R. Zina maana gani?

Hayo ni majibu ya kipimo cha usugu. Bakteria alipakwa kwenye sahani nzima, vikawekwa juu yake vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, na kesho yake kikapimwa kwa rula, kwa milimita, kipenyo cha duara tupu lililobaki kuzunguka kila kidonge. S maana yake dawa inamweza bakteria huyo kwa dozi ya kawaida. R maana yake ameishinda. I, kwa mfumo wa Ulaya uliobadilishwa mwaka 2019, ina maana kwamba dawa itafaa ikiwa dozi itaongezwa au ikiwa dawa yenyewe hujikusanya kwa wingi mahali palipo na maambukizi, kwa mfano katika mkojo. Si "nusu sugu" kama wengi wanavyoisoma. Na S nyingi katika orodha hazimaanishi kwamba dawa zote hizo zinafaa sawa: nyingine haziingii katika ubongo, nyingine hazitoshi katika damu, nyingine hazimfai mjamzito. Mpelekee daktari cheti kizima, pamoja na sehemu inayosema sampuli ilichukuliwa wapi.